Nilivinusuru Viatu vya Bibi, Nikaizamisha Posa Yangu

Kosa ni langu, ndugu zangu, wala sina wa kumsingizia. Si upepo, si bahari, si Wazungu. Ni mdomo wangu huu!

Mimi ni muuza kofia wa mtaa wa Ndia Kuu. Bahari naijua kwa kuitazama dirishani. Lakini mwaka ule, vita vimekwisha juzijuzi, nilikuwa nimemposa Zena, binti wa nahodha mmoja mwenye mashua, na baba mtu alikuwa hajanijibu.

Basi Mzungu mmoja na mkewe wakaikodi ile mashua kwa matembezi ya siku tatu. Nahodha alikuwa kitandani na homa. Akaniita mimi, kwa kuwa nilikijua Kiingereza kidogo cha dukani.

"Mwanangu, weye kazi yako ni kufasiri maneno," akaniambia. "Chombo ni cha Faraji. Atakalokwambia, lifuate. Mkirudi salama, na jawabu lako utalipata."

Faraji alikuwa baharia wake, kijana mpole, si wa maneno mengi. Nikasema, "Inshallah, Ami." Laiti ningaliishia hapo!

Siku hiyo ya kwanza, alasiri, tuliingia kwenye bandari ndogo tulivu, nyuma ya mikoko. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Faraji akataka kutia nanga mbali. Yule bibi wa Kizungu akavitazama viatu vyake vyeupe, akauliza atashukaje. Mimi, bwana mkubwa, nikamwambia asiwe na wasiwasi, atashuka mkavu!

"Ipeleke mpaka ufuoni," nikamwamuru Faraji.

"Bwana, leo ni bamvua. Mayi haya ndiyo makubwa kabisa, na sasa hivi yaanza kupwa."

"Nahodha amenikabidhi chombo mimi, si wewe!"

Uongo mtupu! Faraji akanitazama, akaipeleka.

Bibi akashuka mkavu, akanishukuru. Nikavimba kichwa. Hata magharibi haijaingia, mashua ikalala ubavu kwenye tope, na sufuria ya mchuzi ikammwagikia Mzungu mapajani. Bibi akaja mbio kumtazama mumewe, tope likavila vile viatu vyote viwili. Havikuonekana tena!

Alfajiri maji yalirudi, lakini hayakutosha kuiinua.

"Tungoje bamvua jingine," akasema Faraji.

Nusu mwezi! Wazungu wakashika njia kwa miguu.

Kesho yake Nahodha akaja, kajifunika shuka, bado anatetemeka. Akaizunguka mashua yake akiipapasa. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Kutojua bahari si aibu, mwanangu, weye wauza kofia," akasema. "Lakini mwenye kujua alikwambia, ukamziba mdomo kwa jina langu. Na binti yangu akikwambia neno, utamsikia?"

Jawabu la posa yangu nikalipata hapo hapo.

Niliilinda ile mashua siku zote hizo, na wanawake wa pale kila wakipita hunisalimu, "Nahodha wa nti kavu, hujambo?"

Zena aliolewa na Faraji. Kofia ya arusi Faraji alikuja kununua kwangu, nami nikampima kichwa kwa mikono yangu hii. Nilimpenda Zena, wallahi!

Basi wewe unayetaka kuonekana, mwenye kujua akisema, nyamaza! Viatu vikiroa hukauka juani. Mimi nilihangaikia viatu vya mke wa mwenzangu, nikamkosa wangu.