Msimu wa Wapinzani Wepesi

Kufikia katikati ya mwaka 2017, mdogo wangu wa kiume alikuwa hajaangushwa na mtu yeyote katika mieleka ya vyuo, na bado jina lake lilikuwa likishuka kwenye orodha ya wanamieleka wa uzito wake. Niliudhika kabla sijaelewa. Mimi nasuka nywele hapa Berea, Johannesburg, na kwetu anayesuka vizuri anapata wateja, basi. Nikamuuliza hao wanaopanga orodha wana macho au wamepakwa pilipili.

Alinieleza jikoni, huku akimenya vitunguu, kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika cha mtoto aliyekulia mjini hapa, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama tunavyosema kwetu Kongo.

“Yaya, hawaangalii tu nimeshinda nani. Wanaangalia na yeye ameshinda nani. Nikipiga mtu ambaye hajapiga mtu, ni kama sijapiga. Nikishindwa na mkubwa, wanakata pointi kidogo tu.”

“Basi pigana na hao wakubwa.”

“Hawaji, Yaya. Kila nikipangiwa mkubwa, hatokei.”

Ilikuwa kweli. Mmoja aliumia goti juma moja kabla ya pambano. Mwingine alifeli mitihani, chuo kikamzuia kucheza. Wa tatu alinenepa akahamia uzito wa juu. Mdogo wangu akabaki na vijana waliojiunga na mieleka juzi, akiwalaza mkekani mmoja baada ya mwingine kisha akiwasaidia kuinuka kwa aibu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Wanane wa juu ndio wangechukuliwa kwenye timu ya kwenda mashindano ya taifa, na yeye alikuwa mbali nao. Hakuwa na mwaka mwingine.

Mama alikuwa kwenye cherehani, nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu. Mashine ikanyamaza. Alitoka na sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, “Kumbe si vizuri wale batu hawakuye?”

Hapo ndipo tulipojua. Mama ni fundi wa nguo kule Malvern, kwenye barabara ya Jules, lakini kila Jumatano huwa na kundi la wanawake wa maombi, kwenye ghorofa moja Marshalltown. Msimu wote walikuwa wamefunga kwa ajili ya mdogo wangu. Walitaja uzito wake na vyuo atakavyokutana navyo, wakamwomba Mungu awaondoe wenye nguvu njiani kwake. Goti lilipoumia, Mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Yule wa mitihani alipozuiwa, wakaimba na kucheza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuamini wakati ule, wala siamini leo, kwamba Mungu anapanga ratiba ya mieleka. Mdogo wangu hakucheka.

“Mama, please,” alisema. “Waache wakuje. Omba wakuje.”

“Siwezi.”

“Kwa nini?”

“Tangu tulitoka kwetu, ile njo maombi yangu,” alisema Mama. “Ginsi gani nitaita muntu wa nguvu aje kwa mutoto wangu?”

Kicheko kiliniisha. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka Uvira, mji wetu kule Kongo. Wanaume wenye nguvu walikuja nyumbani kwetu mara moja tu, wakaondoka na Baba, na hatukumwona tena. Baada ya hapo Mama alitutembeza nchi baada ya nchi, mdogo wangu mgongoni, na katika kila mpaka na kila kambi nilimsikia akinong'ona maneno yaleyale: Bwana, uwatoe wenye nguvu njiani kwa watoto wangu. Hakuwahi kutunga mengine. Mieleka ilipokuja aliyatumia hayohayo, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameona yakifanya kazi. Tulikuwa hai.

Lakini alimwona mwanawe akishindwa kula. Asubuhi moja kabla ya shindano la mwisho la msimu, nikiwa bado kitandani, nilimsikia nyuma ya pazia. Aliongea polepole, kama mtu anayesaini kitu asichokitaka.

“Bwana, mutoto anaomba batu ba nguvu. Umupatie. Lakini umuangalie.”

Siku ya shindano hakuna mpinzani aliyekuwa ameumia wala aliyekosekana. Mama alikuja kutazama kwa mara ya kwanza, akakaa karibu nami amevaa kitenge chake cha kanisani. Mdogo wangu alishinda wakubwa wawili kabla ya mchana, mmoja baada ya mwingine, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alasiri alipewa bingwa wa mwaka uliopita, kijana wa mashambani mwenye shingo nene na adabu nyingi. Mdogo wangu alikuwa akiongoza kwa pointi. Kisha yule kijana akamnyanyua, wakaanguka pamoja, na bega la mdogo wangu likawa chini ya uzito wa wote wawili.

Mama hakupiga kelele. Alisimama, akatafuta njia kati ya viti, akamwendea mwanawe.

Daktari alisema mkono utafanya kazi zote za kawaida, ila mieleka basi. Orodha mpya ilipotoka, mdogo wangu alikuwa wa saba. Siku moja ya kupambana na wakubwa ilikuwa imempandisha kuliko ushindi wake wote wa msimu, na kule kushindwa na bingwa hakukumshusha. Aliisoma mkono ukiwa umefungwa kifuani. Nafasi yake kwenye timu alipewa aliyekuwa wa tisa.

“Mama, si wewe,” alimwambia. “Ni mchezo. Watu wanaumia.”

“Nimesikia,” alisema Mama, akaendelea kukata kitambaa.

Nilitamani abishane. Nilitamani alie, nimkumbatie, yaishe. Aliendelea kwenda Marshalltown kila Jumatano, lakini wenzake waliniambia kwamba zamu yake ikifika anatikisa kichwa, na ushuhuda hatoi tena.

Mwaka 2019 mdogo wangu aliitwa kwenye usaili wa kazi aliyoitaka sana. Alipiga magoti mbele ya Mama asubuhi hiyo, kama tulivyozoea tangu utoto, nami nikapiga magoti kando yake. Mama aliweka mikono juu ya vichwa vyetu. Akataja jina la mdogo wangu, akataja langu, kisha akanyamaza. Tulisubiri aendelee.

Mwishowe mdogo wangu ndiye aliyesema amina.