Gemu Aliyonunua Amuge

Amuge alisaga karanga na simsim kwenye senta ya Mulanda, na watu waliotoka Nabuyoga kwa baiskeli walimpita msagaji wa kwanza wakaja kwake, kwa sababu hakuchanganya mabaki ya jana na mzigo wa leo. Yeye alikuwa Mteso, mzaliwa wa kijiji cha Kwapa. Mumewe, Ofumbi, alikuwa Mjapadhola wa hapo hapo Mulanda. Walijuana kwa Kiswahili cha sokoni, wakaoana kwa Kiswahili hicho hicho, na miaka kumi na sita baadaye bado waligombana na kupatana kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nayo. Mtoto wao mmoja, Joanita, alikuwa shule ya bweni.

Ofumbi aliendesha lori la mizigo kati ya Mombasa na Kampala. Alionekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, na kila akija malalamiko yake yalikuwa yale yale: foleni ya mpakani.

"Siku mbili, Mama Joanita! Siku mbili umekaa ndani ya lori pale Busia kama mfungwa. Wenzangu wanakunywa. Wengine wanatafuta wanawake. Mimi nalala tu mpaka kichwa inauma."

Maneno hayo yalimkaa Amuge rohoni. Yeye hakumtilia mumewe shaka. Alichoogopa ni kule kukaa bure, ambako humpeleka mtu mzima mahali ambapo hakupanga kwenda. Akaona ampe kitu cha kushika mkononi. Akauza mbuzi jike aliyekuwa amemfuga mwenyewe, akafunga mashine yake kwa siku moja, akaenda Busia na kuvuka upande wa Kenya.

Huko alimkuta Osborn, kijana mwenye kibanda cha simu na chaja. Osborn alimtolea gemu ndogo nyeusi, yenye kioo katikati na vitufe kulia na kushoto.

"Hii si kama simu, mama. Haitaki bando. Ukishachaji, unacheza hata masaa sita. Kuna mpira, kuna mbio za malori."

"Malori?" Amuge alicheka. "Mtu anashinda kwa lori, halafu mimi nimnunulie lori lingine?"

"Hili halina foleni, mama."

Kicheko hicho ndicho kilichomfanya anunue. Osborn akamweleza kwamba gemu inahifadhi wachezaji watatu, kila mmoja na jina lake na safari yake. Akitokea wa nne, lazima mmoja afutwe. "Lakini haifuti ovyo. Inakuuliza mara mbili kama una hakika." Akamsaidia kuandika OFUMBI. Jina la pili Amuge aliliandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa vidole vilivyonuka karanga: AMUGE.

Ofumbi alipoiona alipiga makofi kama mtoto. Wiki hiyo aliomba siku moja zaidi kwa tajiri wake, na mchana wote walikaa kwenye mkeka chini ya dari ya jikoni wakipokezana ile gemu. Ikawa Amuge ndiye hodari. Lori la Ofumbi lilianguka mtoni kila mara, na yeye, aliyekuwa dereva kwa miaka ishirini, akalalamika kwamba breki zake si breki za kweli. Lori la Amuge lilipita madaraja, likapita milima, likafika mji wa kumi na nne.

"Wewe ungekuwa dereva, mimi ningesaga karanga," Ofumbi alimwambia, akimtazama kwa fahari.

Mama mkwe, aliyekuwa amelala chumba cha pili na miguu yake iliyovimba, aliwauliza kwa Dhopadhola, lugha yake, kama wamerukwa na akili. Amuge alikumbuka siku ile kwa muda mrefu. Hakuwahi kumwona mumewe akimtazama hivyo tangu harusi.

Ofumbi akaondoka na gemu yake. Kila alipopiga simu Amuge alimuuliza amefika mji wa ngapi, naye alimjibu. Halafu majibu yakawa mafupi. Halafu foleni ikawa ndefu kuliko zamani: siku mbili zikawa nne, nne zikawa wiki. "Mtandao wa forodha umeanguka," alisema. Amuge alimhurumia. Alifurahi hata, akijiambia kwamba angalau ana kitu cha kumpitishia muda.

Mwezi wa tisa Ofumbi alikuja, akala, akasema anakwenda Tororo kumwona fundi wa gia. Gemu aliiacha kwenye chaji ya sola. Amuge alikuwa ametoka kumwogesha mama mkwe, mikono bado ina maji. Akaifuta kwa kanga, akaketi, akawasha ili aendelee na mji wake wa kumi na tano.

Majina yalikuwa matatu. OFUMBI. TREVOR. EMMY.

Alizima, akawasha tena. Majina yalibaki yale yale. Chini ya kila jina kulikuwa na tarehe ya mwisho kucheza. Trevor alikuwa amecheza Jumapili iliyopita asubuhi, Emmy jioni yake. Jumapili hiyo Ofumbi alimpigia simu akasema amekwama kwenye foleni, hata chai hajapata.

Ofumbi aliporudi alimkuta ameketi palepale.

"Trevor ni nani?"

"Ah! Mtoto wa dereva mwenzangu. Nilimwazima."

"Na Emmy?"

Ofumbi akavua kofia. Akaangalia mlango wa chumba cha mama yake, kana kwamba msaada ungetokea huko.

"Mama Joanita, kaa tuongee vizuri."

"Nimekaa."

"Trevor ni mtoto wangu. Yuko na miaka sita. Emmy ni mama yake. Wako Busia, ng'ambo."

Miaka sita. Amuge akahesabu nyuma, akakuta kwamba alinunua ile gemu mtoto akiwa ameshajua kutembea na kusema.

"Jina langu lilikuwa hapa. Nani alilitoa?"

"Emmy alitaka kucheza, nafasi hakuna..."

"Nimekuuliza nani alibonyeza."

"Mimi," Ofumbi alisema.

"Ilikuuliza mara mbili?"

Ndani, mama mkwe akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu asiyeshangaa, "Amuge, mwache mwanangu apumzike. Huyo mtoto amepewa pia jina la mume wangu. Ulitaka tumtupe?" Hapo ndipo Amuge alipojua kwamba katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui. Na ndiye aliyemwogesha mama huyo kila asubuhi.

Ofumbi aliondoka na gemu alfajiri. Alisema mtoto angelia.

Desemba alimleta Trevor kumwona bibi yake. Emmy hakuja. Amuge aliambiwa achinje jogoo, akachinja, apike, akapika. Mtoto alikuwa na adabu. Alimsalimia kwa mikono miwili, akaketi kwenye mkeka jikoni na gemu yake, akacheza kimya huku Amuge akinyonyoa manyoya. Baada ya muda akainua uso.

"Shangazi, unajua kucheza hii?"

Neno lile lilimpata kama maji ya moto. Kumbe huko ng'ambo walimfanya dada wa Ofumbi. Alitaka kumwambia mtoto ukweli wote, lakini aliyaona macho yake, mapana na yasiyo na hatia.

"Sijui," akasema, akageukia chungu.

Januari alipakia mashine yake kwenye pikapu, akapanga chumba Tororo mjini, akaanza upya kutafuta wateja. Wa Nabuyoga hawakumfuata. Tororo ni mbali kwa baiskeli. Joanita alikuja likizo, akakaa na mama yake siku tatu, akamlaumu kwamba ndiye aliyeivunja nyumba yao, kisha akaenda Mulanda kwa bibi. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Ofumbi alipiga simu mara moja tu. Hakuuliza kama amekula. Aliuliza nani sasa atamwogesha mama yake.

"Muulize Emmy," Amuge alisema, akakata.