Kabati la Mninga kutoka Kasulu

Tulipooana, shangazi yangu alinipa sahani kumi na mbili nyeupe zenye mstari wa bluu ukingoni. Kwa miaka minne sahani hizo zilikaa ndani ya boksi la sabuni, chini ya kitanda chetu, Kibondo. Mimi ni mtu wa Korogwe. Kibondo nilipelekwa na kazi ya uuguzi, na huko ndiko nilikokutana na mume wangu, mwalimu, Muha wa Muyama. Kila nilipotaka kuzitoa sahani zangu aliniambia, "Ngoja kwanza, mke wangu. Huenda tukahamishwa." Hatukuhamishwa. Tuliendelea kulia kwenye sahani za bati zilizobanduka rangi, na boksi likaendelea kushika vumbi.

Miaka ile nilikuwa nachoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Wodini tulikuwa wauguzi watatu pale palipohitaji saba. Nikirudi nyumbani naona sufuria ziko sakafuni, vikombe dirishani, chumvi juu ya redio. Nikasema moyoni, siku nikipata kabati la vyombo nitakuwa na nyumba. Seremala wa pale mjini alinitengenezea moja la mbao mbichi, na kiangazi kilipokuja likajikunja hata milango ikagoma kufungwa. Tulilichoma kuni. Tangu hapo nikaapa kwamba nikinunua tena nitanunua la zamani, la mbao iliyokwisha kukauka na kutulia.

Mwaka wa watu kuhamia vijijini, habari zikaja kutoka Muyama kwamba nyumba ya mama mkwe imeezuliwa na yeye yuko kwenye kibanda cha nyasi katika kijiji kipya, akingoja kiwanja chake. Mume wangu alikuwa na darasa la mtihani. "Nenda wewe ukamlete," akaniambia. Nikaomba likizo yangu ya wiki mbili, ile niliyokuwa nimeipangia kulala tu, nikaenda.

Nilimkuta amekaa nje ya kibanda, miguu ameinyoosha. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa kichwa. Mizigo yake ilikuwa mkeka, jembe lisilo na mpini, na vibuyu vitatu vya mbegu vilivyozibwa kwa majani makavu ya migomba: maharage katika viwili, ulezi katika kimoja. Kutoka Muyama mpaka Kasulu hakusema neno. Nilimnunulia chai, akainywa. Nilimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Kiha changu kilikuwa kibovu na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini nilijua kuwa shida haikuwa lugha.

Kasulu tulikaa siku tatu tukingoja lori la kwenda Kibondo. Tulifikia kwa muuguzi mwenzangu niliyesoma naye. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuingia mifupani, na mama mkwe alikaa jikoni karibu na moto, amevikumbatia vibuyu vyake. Siku ya pili mwenzangu akaniambia, "Si ulikuwa unatafuta kabati la zamani? Kuna mjane mmoja mtaa wa maduka. Mumewe alikuwa na duka la nguo. Sasa anahamia Tabora kwa binti yake, anauza vitu vya ndani."

Sikutaka kumwacha mama mkwe peke yake, nikamchukua.

Mjane alitupokea mlangoni, mwanamke mnene wa makamo yaliyokwisha kupita, kanga kichwani, na sauti ya watu wa pwani ingawa alizaliwa Ujiji. "Karibuni, wanangu. Karibu, dada yangu," alimwambia mama mkwe, akamwekea kiti mwenyewe. Nyumba ilikuwa nusu tupu. Ukutani zilibaki alama za vitu vilivyokwisha kuondoka. Katika chumba cha mbele yalikuwepo makabati mawili.

La kwanza lilikuwa refu, la mvule, lenye milango ya vioo juu na nakshi za maua pembeni. Nililipenda kabla sijafika karibu. Niliziona sahani zangu zimesimama nyuma ya kile kioo, mstari wa bluu kwa mstari wa bluu, na wageni wanasema, muuguzi huyu ana nyumba. La pili lilikuwa la chini, lililofika kiunoni, refu kwa upana wake, la mninga uliokolea wekundu. Halikuwa na kioo wala nakshi. Lilikuwa na droo mbili katikati, mlango wa mbao kila upande, na juu yake duara nyeupe nyeupe za birika za moto za miaka mingi.

"Hili la vioo alilileta marehemu kutoka Bagamoyo," mjane alisema. "Hili jingine tulilikuta kwa babake. Hata yeye hakujua lilitengenezwa lini."

"Nachukua la vioo," nikasema.

Nilikuwa nimeshika kitasa chake niliposikia nyuma yangu mbao inagongwa. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alikuwa ameinama kwenye ubavu wa kabati langu la vioo, anagonga kwa kifundo cha kidole, chini, katikati, chini tena. Kisha akapitisha kiganja sakafuni, nyuma ya mguu wa kabati, akaniletea kiganja kile mbele ya macho. Kilikuwa na unga mwembamba wa rangi ya maziwa.

"Oya," alisema. Hapana. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Muyama.

Mjane akasogea, akautazama unga ule. Hakubisha. "Basi limebunguliwa," akasema polepole. "Nami sikujua. Nalala chumba cha nyuma, huku siji."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuligeukia la mninga. Aligonga. Alifungua mlango wa kushoto, akaingiza kichwa chote ndani, akakaa humo muda mpaka nikaona haya mbele ya mwenye nyumba. Nilimsikia akinusa. Alipotoka alimuuliza mjane kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Humu uliweka nini?"

"Huku kulia sahani na vikombe," mjane alijibu. "Na huko kushoto, dada yangu, tuliweka sanda zetu. Yangu na ya marehemu. Alizinunua siku moja, dukani kwake mwenyewe. Ya kwake imekwisha kutumika."

Mimi kazi yangu ni kufunika watu shuka usoni, lakini kazi hubaki hospitali. Sikutaka kutia sahani za harusi mahali palipokaa sanda. Nikaanza kutafuta maneno ya kuaga bila kumvunjia mtu heshima.

Mama mkwe hakushtuka. Alimtazama mjane, akamuuliza, "Na yako? Utaiweka wapi?"

"Sandukuni. Nasafiri nayo."

"Ego," mama mkwe aliitikia. Ndiyo. Akakaa tena kitini na mjane akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro kilichobaki pembeni, wakatazamana kama watu waliofahamiana zamani. "Mimi nyumba yangu wametoa nyasi," mama mkwe alisema. "Nilizaa watoto saba mule ndani. Wanne wako chini, karibu na mgomba." Mjane alisema, "Pole, dada yangu. Pole sana," na machozi yakamtoka yeye, si mama mkwe. Nilisimama kati ya makabati mawili, siku mbili nimemwuliza mwanamke huyu anaumwa wapi na hajanijibu, na sasa nasikia habari za watoto wanne ambazo hata mume wangu hakuwahi kunisimulia.

Baadaye mama mkwe alinigeukia. "Mukazana," aliniita, yaani mkwe wangu, "hili halina ukungu. Kavu. Chukua hili."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikalichukua.

Lori lilipatikana kesho yake, la chumvi na mabati. Dereva alilitazama kabati akaguna. "Mama, hili ni jeneza la watu wawili." Lakini wapakiaji walilipandisha, wakalifunga kamba juu ya mabati, na sisi tukakaa kando yake tumejifunika turubai. Mvua zilikuwa zimeanza mapema mwaka ule. Tulipopita Makere barabara ikawa uji mwekundu, na mbele kidogo lori likazama mpaka ekseli.

Wakashusha kila kitu. Kabati likasimama ukingoni mwa barabara, katikati ya nyasi, na mvua ikilipiga. Mama mkwe alikunjua mkeka wake, akalifunika juu, yeye akabaki analowa. Wanaume walikata matawi, wakayatia chini ya magurudumu, magurudumu yakayameza. Walisukuma, wakaanguka, wakatukana, wakasukuma. Tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri. Mwishowe utingo akaja, tope mpaka kifuani, akalitazama kabati kisha akanitazama mimi. "Mama, tunahitaji mbao. Mbao kavu mbili tu."

"Haiwezekani," nikasema. "Hili ni kabati la watu. Miaka minne nimelingoja. Kateni miti, msitu huo hapo!"

Utingo hakuondoka. Nikaketi kwenye nyasi zilizolowa na kuanza kulia, si kwa sababu ya mbao. Nililia kwa ajili ya likizo yangu iliyokwisha, na wodi iliyokuwa ikinisubiri Jumatatu, na miguu yangu, na mwanamke huyu niliyekuwa namleta nyumbani nisijue nitamlishaje wala nitaongea naye nini. Nililia mbele ya wanaume kama mtoto.

Mama mkwe aliniacha nilie. Alifungua mlango wa kushoto wa kabati, akachomoa rafu zote mbili, moja baada ya nyingine, akampa utingo. "Hizi," alisema. "Milango muache."

Mbao za mninga zilitiwa chini ya magurudumu, dereva akatia moto injini, lori likatetema, likapanda, likatoka. Rafu moja ilipasuka katikati. Ya pili ilizikwa kwenye tope na hatukuiona tena. Mama mkwe alikiokota kipande kimoja cha ile iliyopasuka, akakifuta kwa kanga, akakitazama na kukitupa. "Ubao tu huo," akaniambia. "Inuka, mwanangu. Utapata homa."

Kibondo tulifika kesho yake mchana. Mume wangu alimkumbatia mama yake, akalitazama kabati lililojaa tope, akauliza, "Hili nalo?" Nilimwambia, "Usiniulize chochote." Akaenda kuchota maji, akaliosha mwenyewe.

Sahani zangu zilitoka kwenye boksi, zikaingia upande wa kulia. Mbili zilikuwa zimevunjika siku nyingi bila mimi kujua. Upande wa kushoto, ule usio na rafu, mama mkwe aliuliza kwa adabu kama anaweza kuutumia. Alisimamisha humo vibuyu vyake vitatu. Bila kuziondoa zile rafu visingeingia. Kila baada ya siku chache alivitoa, akazianika mbegu uani kwenye mkeka, akachagua moja moja zilizoanza kutobolewa na wadudu, akazitupa, akarudisha nzima. Akiwa kwenye kazi hiyo alikuwa anaongea. Nami nikitoka zamu nilikaa karibu naye na kuchagua, kwa kuwa ilikuwa kazi ya kukaa chini, na kidogo kidogo nikajifunza Kiha cha maharage: hili la mapema, hili halipendi jua, hili alipewa na mama yake siku alipoolewa. Majina ya watoto wake wanne aliniambia yote. Kuna siku nilisinzia nikiwa nimeshika maharage mkononi, nikaamka nimefunikwa kanga.

Februari ilipofika, wakati wa kupanda maharage ya msimu wa pili, alisema anarudi. Kiwanja chake kilikuwa kimetoka. Mume wangu alimsihi sana. "Mama, kule huna hata nyumba."

"Nina mbegu," alijibu.

Tulimsindikiza kwenye gari. Jembe mume wangu alikuwa amelitia mpini mpya. Nilirudi nyumbani, nikafungua mlango wa kushoto, nikaona duara tatu za vumbi. Sikuweka kitu humo kwa muda mrefu. Sikuamua hivyo, nilikuwa nachoka tu, na upande wa kulia ulitosha.

Kwenye kijiji kipya alijenga, akapanda, akavuna. Tulikwenda kumwona mara mbili. Alikonda, lakini aliongea. Kisha siku ikafika ambayo mume wangu aliitabiri tangu mwanzo, tukahamishwa kwenda Kasulu, na gari tulilopewa lilikuwa dogo. Kabati halikuingia. Nilidhani nitaumia. Nilimpa muuguzi aliyepewa nyumba yetu, msichana mgeni kutoka Mbeya, ambaye sufuria zake nilizikuta sakafuni siku ya kwanza tu. Alifurahi sana.

Nilipomweleza mama mkwe, niliogopa atahuzunika. Alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinua macho.

"Ulifagia ndani kabla ya kumpa?" aliniuliza.

"Nilifagia, mama," nikamjibu. Sikuwa nimefagia. Ilikuwa siku ya kufunga mizigo, na nilikuwa nimechoka.