Gazeti Lisilokuwepo Ukutani

Mimi ndiye niliyetangaza darasani kwamba profesa wetu wa uandishi wa habari hakuwahi kuchapisha gazeti. Mji mzima wa Same unasema alikuwa na gazeti lake kabla ya kufundisha, lakini mimi siamini kitu mpaka nikione. Akanipa mtihani wa peke yangu: niandike maisha yake. Nikikosea, narudia somo.

Nikapanda milimani kwa mama yake. Kuta za sebule zilibandikwa magazeti ya zamani. Nikasoma majina yote ya wachapishaji, la mwanawe halikuwemo. Mama akasema nikae achemshe chai. Nikamwambia nina haraka, nimeshapata nilichotaka.

Jana nikaisoma makala yangu mbele ya darasa, kifua mbele kama jogoo.  Profesa akampigia mama yake simu, akaweka spika.

“Shikamoo mama. Mwanafunzi wangu alifika?”

“Marahaba, baba. Alifika. Kijana mzuri, ila hakai. Nilitaka anywe chai, kisha nimfungulie sanduku la magazeti yako.”

“Kwani ukutani hayapo?”

“Mimi nibandike gazeti la mwanangu ukutani, liliwe na moshi wa jiko?”