Alichosema Mwanamke wa Sinema

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kasenga, mtaa wa Uvira nchini Kongo, na kila gari la sinema la serikali lilipofika, mimi ndiye niliyepewa maikrofoni. Filamu zilikuwa za Kifaransa, za wapanda farasi wenye bastola. Fundi alipunguza sauti, nami nikasimama kando ya shuka jeupe nikiwaeleza watu kwa Kiswahili nani anamfukuza nani. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Kila filamu ilikuwa na mwanamke mmoja, kiuno kimebanwa, mabega wazi. Akitokea tu, niliacha kutafsiri, nikasema: "Mupumuzishe macho!" Wanaume walipiga miluzi mpaka akaondoka. Kicheko kile nilikipenda mno.

Siku hizo mke wangu alikuwa akijifunza kusoma kwenye darasa la wanawake la misheni. Alishaanza kuunganisha silabi; jioni alisoma kwa sauti maandishi ya mfuko wa chumvi, mtoto mgongoni. Kwenda darasani ilimbidi apite mbele ya mafundi wa kushona. Siku mbili baada ya sinema alirudi mapema, daftari kalificha ndani ya nguo.

"Bale mafundi, nikipita, banasema mupumuzishe macho," akaniambia. "Bote banaacha mashini."

Nikamwambia ni utani tu.

"Iko maneno yako." Akalitoa daftari ndani ya nguo. "Baba ya mutoto, ule mwanamuke ya sinema alisema mingi. Alisema nini?"

Sikujua. Aibu yangu ndiyo hiyo: Kifaransa nilikijua, nilisimama karibu kuliko wote, na sikumsikiliza hata kidogo.

Wiki iliyofuata gari lilirudi na filamu ileile. Safari hii nilitega sikio. Kumbe yule mwanamke alikuwa akiwaonya wanaume kwamba mlango wa nyuma haufungiki. Hawakumjali, na majambazi wakaingia kwa mlango huohuo. Mara ya kwanza watu walikuwa wameniuliza majambazi wameingiaje, nami, bila haya, nikawajibu kwamba ni ujanja wa Wazungu.

Nikasogeza maikrofoni. "Anasema mulango ya nyuma..."

"Aah, mwalimu!" wakapiga kelele. "Sema ile yetu!"

Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, amesimama, ananitazama mimi wala si shuka. Nilijua anachosubiri. Ilihitajika nimalize sentensi moja tu. Lakini niliogopa kuzomewa, nikasema ile yao.

Hakurudi tena darasani. Hatukugombana. Kurasa za daftari aliwashia moto, moja moja, hadi zikaisha.

Sasa ninapoandika haya, yuko hapa barazani anachambua maharage. Ameniuliza naandika nini. Itabidi nimsomee mimi, na naogopa nitaruka kitu tena.