Nyangeta na Chungu cha Mama Mkubwa

Namshukuru Mungu aliyeumba kichwa na tumbo akaviunganisha, kisha akanipa miaka ya kutosha kuona jinsi kimoja kinavyoishi kwa kingine. Sifa ni zake kabla sijasimulia lolote la kwangu.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Musoma, niliikuta wodi ya watoto ina vurugu. Mwanamke alikuwa ameshuka kwenye boti kutoka Rukuba na mtoto mwenye malaria, aliyekakamaa na kutetemeka, hajala tangu jana yake. Mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, alimtoboa kidole, akapima sukari ya damu, akaagiza maji ya sukari yapitishwe kwenye mshipa. Muda si mrefu mtoto akafungua macho, akamlilia mama yake.

"Afisa lishe mgeni, umeona?" mganga akaniambia. "Ubongo ni mlaji mkubwa asiye na ghala. Unategemea sukari inayopita kwenye damu. Ini ndilo linaloweka akiba, na akiba ya mtoto ni ndogo. Akiacha kula na homa imempanda, taa inazimika."

Neno hilo nililishika kuliko mengi niliyosoma chuoni.

Baadaye nilihamishiwa Bunda, kwenye kliniki ya mama na mtoto. Huko nilihubiri chumvi yenye madini joto, dagaa kwa ajili ya mafuta yanayojenga ubongo, maharage na mboga za majani kwa ajili ya damu, kwa sababu damu ikipungua, hewa inayofika kichwani nayo hupungua. Mganga mkuu wa wilaya alipenda utani. Akinikuta nimezungukwa na akina mama, alikuwa akiniita kama vile nauza chakula stendi: "Mama lishe, wali upo?"

"Upo, dokta, ila wewe hupewi. Soda umezimaliza."

Akina mama walicheka. Yeye alicheka kidogo, maana alikuwa na kisukari, na alijua kwamba sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo, hata ile ya ubongo.

Lakini ni Butiama, kituo changu kilichofuata, nilikojifunza kwamba chakula cha ubongo hakipimwi kwa mizani peke yake.

Nyangeta alikuwa msichana mdogo, bado hajaanza shule, mwenye kifafa. Alikuwa anaanguka mara nyingi, na dawa mbili zilikuwa zimeshindwa. Daktari bingwa wa watoto aliniita. "Tutajaribu chakula cha mafuta," alisema. "Dawa haziachwi. Wewe utakuwa jiko langu." Akanieleza kwamba mtu akipunguziwa sana wanga, yaani ugali, uji, viazi na sukari, akapewa mafuta mengi, ini huyageuza mafuta hayo kuwa ketoni, na ubongo hukubali kuzitumia mahali pa sukari. Kwa baadhi ya watoto kifafa hutulia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Hata sisi hatujamaliza kujua." Kisha akatoa amri: mpishi mmoja, chungu kimoja.

Tulimlaza Nyangeta, tukamwanzishia chakula chini ya uangalizi. Mama yake alijifunza kupima samli, mayai, utando wa maziwa, samaki aina ya sato na mboga kidogo. Mkojo tuliupima kwa kijikaratasi. Ketoni zikiwepo, kinageuka zambarau. Walirudi nyumbani, na kuanguka kukapungua, kisha kukakoma kabisa.

Siku moja walikuja kliniki, kijikaratasi kikabaki cheupe.

"Amekula ugali," nikasema.

"Si kwangu," Mama Nyangeta akajibu. "Kaulize nyumba ya mbele."

Basi nilikwenda bomani kwao, upande wa Kiabakari. Mzee wa boma lile alikuwa na wake wawili. Nilikulia boma la namna hiyo, najua desturi: kila mama anapika, na watoto wanaonja kila mlango. Mtoto akipita mlango wa mke mwenza bila kuonja, ni sawa na kutangaza kwamba mwenye mlango ni mchawi.

Mama Wambura, mke mkubwa, alikuwa anapeta mtama.

"Karibu, nesi," alisema, maana kwao wote wa hospitali tulikuwa manesi. "Umekuja kunikamata?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusalimia."

"Marahaba. Basi sikia. Ng'ombe hawa ninawakamuaga mimi. Samli yote inaingia nyumba ndogo. Mayai huko. Sato huko. Halafu mtoto anapita hapa kaziba mdomo, kama kwangu kuna sumu. Majirani wanaonaga!"

Mama Nyangeta alisikia kutoka uani. "Si ni dawa! Unamwonea wivu mgonjwa?"

"Mgonjwa simwonei. Nakuonea wewe! Samli ambayo mzee hajawahi kunipa mimi, wewe unapewa kwa cheti cha daktari!"

Mzee, aliyekuwa ameketi pembeni, alianza kucheka, kisha akaona afadhali atazame viatu vyake.

"Nilimpa matonge machache tu," Mama Wambura aliendelea, sauti imeshuka. "Aliniomba. Mtoto aniombe tonge nimnyime?"

Hatujaondoka hapo, Nyangeta akaanguka karibu na zizi. Aliyemfikia wa kwanza ni Mama Wambura. Alimlaza ubavu, akamshika kichwa mpaka mtikisiko ulipokwisha, kisha akaniuliza, "Ni matonge yangu?"

"Inawezekana, mama."

Nilimpigia simu daktari bingwa. "Hapa chungu kimoja hakiwezekani," nilimwambia. "Naomba wapishi wawili, mizani moja." Akanijibu, "Wewe ndiye unayewajua. Fundisha."

Nikafundisha. Mchana Nyangeta alikula kwa Mama Wambura, asubuhi na jioni kwa mama yake. Wivu haukuondoka, ila ulipata kazi. Hakuna aliyekubali chakula chake ndicho kifanye kijikaratasi kiwe cheupe. Walichungana kama polisi. Nilipowatembelea nilipokelewa kwa kelele: "Nesi, zambarau ya jana ni yangu!"

Mtoto alitulia. Baada ya muda daktari alimrudishia wanga taratibu, naye akaanza shule.

Siku ya shukrani kanisani Nyangeta alisimama, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Mama Mkubwa anayejua kukaanga sato kwa samli. Mama yake mzazi, tuliyekaa naye benchi moja, aliniinamia. "Nesi, ulimfundisha vizuri mno."

Nilicheka, lakini mimi pia nilikuwa nasubiri jina langu. Halikutajwa. Wimbo ulipoanza, niliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Sasa nimestaafu, naishi Kamunyonge, mjini Musoma. Vijana wananiuliza kama waache ugali ili wawe na akili. Nawajibu kwamba chakula kile ni tiba. Bila daktari kinaweza kuumiza. Ugali, samaki, mboga na kiasi vinawatosha wengi wetu. Ubongo ukipunguziwa sukari taratibu hupokea ketoni za mafuta bila kununa. Sisi wenye ubongo huo ndio wagumu.

Mungu akubariki, msomaji. Akutunzie kichwa chako na meza yako, na yeyote aliyewahi kukupikia, akupe moyo wa kumtaja kwa jina.