Fundi Asiyeandika Vipimo

Mimi ni fundi cherehani hapa Jeppestown, na mdomo wangu ndio umeniponza. Siku zote nilijitapa kwamba vipimo vya mteja siandiki, naviweka kichwani. Suruali ikitoka fupi, namwambia mwenyewe amerefuka.

Basi akaja Achieng, mwanafunzi wa saikolojia kutoka Braamfontein, anayepima kumbukumbu za watu. Unasikiliza maneno kumi na tano, kisha unayataja. Nikatangaza mbele ya wateja kwamba sitaacha hata moja.

Baadaye hofu ikaniingia. Shabani, kinyozi jirani yangu, alikuwa ameshapimwa pamoja na mkewe, nikawabembeleza wanipe maneno yao. Nikayakariri siku mbili nzima huku nakanyaga cherehani.

Siku ilipofika, Achieng akanivika hedifoni palepale dukani, wateja wakitazama, kisha akainamia kompyuta yake. Mimi nilikuwa nayarudiarudia maneno kimoyomoyo yasinitoke. Alipoinua uso kunitazama, nikajua zamu yangu imefika. Nikafumba macho.

“Kijiko, mvua, shangazi...”

Kwenye neno la tisa nikajikuna hata kichwa, nionekane natafuta. Nikayamaliza yote kumi na tano.

Nilipofumbua macho, hakuna aliyepiga makofi. Achieng alikuwa ameshika ncha ya waya wa hedifoni.

“Eish, fundi,” akasema taratibu, “huu waya bado sijauchomeka.”

Pale benchini, mteja wangu Juma akaiangalia suruali niliyomshonea, inayoishia juu ya vifundo vya miguu.

“Kumbe sikurefuka,” akasema.